Vidonge vya Mama Ange

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nimemkosea bibi yangu wa ndoa, na ningependa kusema shetani ndiye alinidanganya lakini yeye hakuwepo, nilikuwa peke yangu. Wakati wa vita, treni ya Kibombo iliposimama na chumvi tukainunua kwa kijiko, mimi fundi cherehani nisiye na nguo ya kushona nilikuwa na kopo la maziwa limejaa nivakini, ile dawa ya malaria ya zamani, niliachiwa na muuguzi mmoja aliyekimbia, na mtaa mzima hapa Kasuku ukaja kwangu, wakaniita Munganga, yaani daktari, na mimi sikuwasahihisha, nilikuwa naweka mkono kwenye paji la uso, nafunga macho kidogo kama mwenye elimu, kisha nahesabu vidonge, na bibi yangu Claudine akimeza anajikuna mwili mzima huku anacheka, “Munganga, dawa yako iko na upupu!”, na njaa ilikuwepo na woga ulikuwepo, lakini, unisamehe, miaka ile naikumbuka kama sikukuu.

Sasa, mwaka jana Claudine alishikwa na viungo, vidole vikavimba, asubuhi hawezi hata kufunga kitenge, daktari akampa kichupa cha vidonge vya kila siku, nikasoma jina la dawa, maana mimi nasoma kila kitu hata karatasi ya sabuni, nikaona ni ndugu ya nivakini yangu. Nikasema, “Docta, huyu mama hana malaria.” Akajibu, “Najua, papa. Mwache ameze.” Baada ya miezi mitatu vidole vikatulia, akarudi kutwanga sombe, majani yetu ya muhogo, nami nikaona amepona. Ndipo jirani yetu Djuma akaja na homa: “Munganga, hauna kitu?” Mama mshauri, ilikuwa miaka ishirini hakuna aliyeniita hivyo! Nikampa vinne vya Claudine, kisha wengine wakaja, na ndani ya kichupa nikajaza vitamini vyeupe vinavyofanana. Huu ni mwezi wa tatu tangu nimbadilishie, vidole vimevimba tena, na Jumatatu daktari atamwanzishia dawa kali zaidi kwa sababu hii imeshindwa. Claudine, mama wa mtoto wetu Ange, ananiambia, “Papa Ange, mwili wangu njo unakataa dawa.” Je, nirudishe vidonge kimyakimya, au niseme?

Godefroid, Kasuku

Papa Ange, nilicheka mpaka kwenye upupu, kisha nikaacha. Kuitwa na mtaa ni kutamu, na wengi wetu tunaitamani miaka ile kwa sababu watu walikuwa wanatuhitaji. Lakini safari hii ulijitibu wewe, kwa vidole vya mwingine.

Nimemuuliza daktari wa viungo. Mwili una askari wake wa kuulinda. Kwa bibi yako wamewageuzia bunduki wenyeji, wanachoma viungo ambavyo havina mdudu yeyote. Wewe uliyepita vitani hauhitaji nikueleze zaidi. Dawa ile, mbali na malaria, inawatuliza askari hao, polepole, kwa majuma na miezi. Ukiiondoa pia hawaamki siku hiyo hiyo, njo maana ulidhani amepona.

Kimyakimya? Hapana! Dawa haikushindwa, haikumezwa. Na hiyo kali ya Jumatatu inaweza kuwalaza hata askari wanaomlinda.

Tena Djuma: malaria ya huku iliizoea dawa hiyo tangu zamani, ulimpa tumaini tu. Akapimwe leo. Pita kila nyumba uliyogawa, ukianza na zenye watoto, maana vidonge vichache tu vinaweza kumuua mutoto mudogo. Utaona haya. Pita tu. Vyote utakavyokusanya umpelekee daktari, na umuulize macho ya Claudine yatapimwa lini, kwa sababu dawa hii ikimezwa miaka mingi inaweza kuyagusa.

Kisha kaa mbele yake, mchana huu, useme: “Mama Ange, mwili wako haukukataa kitu. Mimi njo nilikunyima.” Usiongeze habari za vita. Akipiga kelele, sikiliza, akinyamaza, ngoja. Jumatatu mwende wawili, na kwa daktari wewe njo uanze kusema.

Na mpaka vidole vyake vikubali, sombe utatwanga wewe. Kinu ukiweke mbele ya nyumba, upande wa barabara.