Marahaba Yako Bado Ninayo

Mjukuu wangu Kabula,

Babu yako ana nguvu kuliko vijana wote wa Ngokolo. Haya, ni uongo, goti limegoma. Bibi yako bado yuko Kagongwa kwa shangazi yako. Nimebaki na mbuzi, naye si muongeaji.

Unasema mwalimu wenu amekwambia mikono yako ni mizuri ila wagonjwa wanakuogopa, ukaniuliza ufanyeje. Udaktari siujui, lakini ugonjwa nimeusomea. Ujanani, kule Geita, kifusi cha shimoni kiliniponda mguu. Wanafunzi wa udaktari walinizunguka kitandani, wakauliza habari za mguu tu. Mmoja akavuta kiti, akanisalimu kwa Kisukuma chetu.

"Mwangaluka, baba. Wewe mwana wa nani?"

Nikamtajia baba yangu, ukoo wetu, mpaka ng'ombe wetu. Hakunigusa mpaka nilipomaliza. Ndipo nikalia, mimi niliyekuwa nawatukana manesi.

Sijui kama hilo linafundishika. Ila Jumapili ulinipigia, ukasema "shikamoo babu," una haraka, ukakata kabla sijaitika. Marahaba yako bado ninayo mdomoni. Piga tena, mama, na safari hii usikate mpaka nikuitikie.

Babu yako