Mfuniko wa Taa kwa Samaki wa Baba

Rusimbi,
Kigoma.
4 Agosti 2024.

Mpendwa mdogo wangu Eliakimu,

Marahaba, maana najua shikamoo umeitoa mara tu ulipouona mwandiko wangu. U mzima huko Mtwara? Wema na watoto wanaendeleaje? Kile kifua kilichokuwa kikimsumbua kitinda mimba wenu kimetulia? Sisi huku ni wazima, namshukuru Mungu. Mume wangu Gervasi anakohoa kidogo kwa vumbi la kiangazi, lakini kula anakula kama kawaida, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Utashangaa kupata barua wakati simu unayo. Nimeandika kwa makusudi. Kwenye simu, nikifika mahali pa kukuuliza utakuja lini nyumbani, ndipo mtandao wa Mtwara unapoanza kukatika. Barua haikatiki. Uisome yote, ndipo ukasirike ukitaka.

Ziwa limepumzishwa hadi katikati ya mwezi huu, dagaa hakuna, na nyumba imejaa Gervasi. Mwanaume aliyezoea kulala ziwani na ipe yake, ule mtumbwi wa kuvulia dagaa, akikaa nchi kavu miezi mitatu, mke wake ndiye anayehitaji kupumzishwa. Mimi nimerudi kwenye mawese, nauza sokoni Mwanga, na mkono unakwenda kinywani.

Sasa nije kwa baba. Tangu tulipomhamishia hapa kwetu amekuwa mpole mno, na wewe unajua kwamba upole kwa Mzee Meshack si dalili njema. Anashinda chumbani. Ukimwambia twende mwaloni akapunge upepo, anasema magoti. Nikafikiri labda amewakosa samaki wake. Mtu aliyekula ujana wote akizamia samaki wa mapambo, wale wadogo wa kwenye mawe ambao tajiri wake aliwasafirisha nje wakiwa hai, utamwambiaje akae anatazama ukuta? Lile tangi la kioo aliloachiwa na tajiri alipofunga biashara lilikuwapo, tunawekea unga. Basi wakati wa Pasaka nikaliosha, nikaweka mchanga na mawe, mwenzake mmoja wa zamani akatuletea samaki wachache, tukaliweka mbele ya kiti chake.

Alifurahi, lakini akasema chumba kina giza, samaki hawaonekani vizuri. Ni kweli dirisha lile linatazama ukuta wa jirani. Ziwa lilipopumzishwa, ndipo nikaamua kulitengenezea tangi mfuniko wenye taa.

Mbao nilizitoa kwenye kitanda cha zamani kilichovunjika. Nilipima tangi kwa uzi, Gervasi akakata huku akinifundisha kazi ambayo yeye mwenyewe alikuwa anaikosea. Nyabenda, fundi bati wa pale Mwanga, alitukunjia bati jipya linalong'aa tuligongelee kwa ndani, ili mwanga wote ushuke majini. Yeye ndiye aliyetukataza kupaka rangi. "Mvuke utaibandua, mama," alisema, "na samaki watainywa." Tukatoboa matundu kwa nyuma, joto litoke na mrija wa hewa upite. Chini ya taa tukalaza kioo chembamba ili maji yasirukie nyaya. Tukatia na bawaba, wakati wa kulisha unafungua upande mmoja tu. Kazi imetoka vizuri, na ukicheka pembe moja iliyopinda ujue hiyo ni ya shemeji yako.

Kwa upande wa taa hatukuhangaika. Gervasi alileta mbili za ipe, zile za betri zilizochukua nafasi ya karabai, kwa kuwa na zenyewe zilikuwa mapumzikoni kama bwana wao.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa letu ni la watu wa dagaa. Sisi taa tunaijua kwa kazi moja, kuita. Unaiwasha juu ya maji, samaki wanapanda. Jioni tukamkalisha baba kitini, tukawasha, chumba kikawa cheupe kama zahanati. Samaki wote wakakimbilia chini ya mawe. Tukasubiri wapande. Hakupanda hata mmoja. Hawa si dagaa, wamezoea vivuli vya mawe, na mwanga mkali wa ghafla kwao ni hatari. Tangi likabaki mchanga na mawe tu.

Na baba akatabasamu, Eliakimu. Akasema, "Sasa hapo. Yule wa milia amenenepa. Tazameni anavyomfukuza mwenzake."

Gervasi akafungua kinywa. Nikamkanyaga mguu.

Nilikumbuka anavyopapasa kikombe, anavyongoja nimsalimie kwanza ndipo aniite jina, na yale magoti yanayouma tukitaja kutoka nje tu. Giza halikuwa la chumba. Nampelekea mzee wangu chai kila asubuhi, na nilihitaji tangi tupu kunionyesha kwamba haoni. Iliniuma sana, sikufichi.

Kesho yake niliondoa taa moja. Ile nyingine niliipandisha juu na kuikingia kipande cha kifuniko cheupe cha ndoo, mwanga ukapoa. Jioni samaki wakaanza kutoka, mmoja mmoja, kama watu baada ya mvua. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mimi na baba tu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Leo wametoka?"

Nikamjibu wametoka.

"Jana hawakuwapo," akasema. Nikamuuliza alijuaje. "Mlinyamaza wote wawili. Gervasi hanyamazi bure."

Nililia. Yeye hakulia. Alinieleza habari za rafiki yake wa Ujiji, Mzee Harerimana, aliyepelekwa hospitali akaambiwa macho yamekwisha, akarudi akakaa barazani na hadi leo hazungumzi na mtu. "Mimi sijaambiwa," akasema. "Asiyeambiwa bado anangoja kukuche." Ile methali ya mficha maradhi nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza. Nilimwelewa, na bado nilimkasirikia, maana huku tunangoja kukuche jicho linaharibika.

Nilimwacha siku chache. Kisha nikamwambia twende tukaambiwe pamoja, na kama ni baya tutakuwa tumeambiwa wawili. Akavaa koti lake la kanisani. Daktari alimpima taratibu. Jicho la kushoto limeharibiwa na presha ya macho, hilo halirudi. La kulia lina mtoto wa jicho, na huyo anaweza kuondolewa kwa upasuaji. Hakutuahidi. Alisema huyo mtoto amekomaa mno, yaliyo nyuma yake hayaonekani sawasawa, na kama jicho lile litaona, na litaona kwa muda gani, tutajua siku ya kufungua kitambaa. Upasuaji ni Jumatano ya mwisho ya mwezi huu.

Tulipokuwa tunarudi nikataka kumchangamsha. Nikamwambia siku ya kufunguliwa nitawabeba samaki wake kwenye ndoo hadi wodini, wawe wa kwanza kumsalimia, manesi waseme wanavyotaka. Akatikisa kichwa.

"Samaki nawajua," akasema. "Hata wakijificha nawaona, si ulinisikia? Mwite Eliakimu. Alipokuja kumzika mama yake nilimwona kama mtu aliye nyuma ya moshi. Nikamshika uso, nikakuta ndevu. Aliondoka hapa kidevu kitupu. Sura yake ya sasa siijui."

Unakumbuka alivyokushika uso pale makaburini, kwa mikono yote miwili, hataki kukuachia? Sote tulisema ni uchungu wa mama.

Sikulaumu, mdogo wangu. Najua Mtwara na Kigoma ni mwisho na mwisho wa nchi, na ghala la korosho halijiendeshi. Sikukwambia mapema kwa sababu sikujua, na yeye hakutaka tujue. Sasa unajua. Jicho lile likifunguka, hata kama ni kwa muda mfupi, nataka uwe umesimama mbele yake.

Mpe Wema salamu zangu, na watoto uwabusu kila mmoja. Gervasi anakusalimu, anasema mkebuka wako wa kwanza ziwa likifunguliwa ameshautenga, ingawa bado unaogelea. Shangazi Agnesi wa Ujiji naye anakusalimu na anakuombea. Barua hii nampa Melania, anakuja huko kumwona dada yake, na nimemwambia asiondoke kwako kabla hujaimaliza. Mungu akutangulie safarini. Nasema safarini kwa sababu nimeshakuhesabu uko njiani.

Nilimuuliza baba kama ana salamu za kukutumia. Amesema hatumi, anakungoja.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Scola