Ukungu Kwenye Gemu ya Kaka

Alhamisi, jioni. Mvua imekatika lakini mawingu bado yamelala juu ya milima ya Uluguru. Mimi leo nimepumua.

Wiki nzima nimetembea na siri. Kaka yangu Idi, anayefanya kazi Ngerengere, aliniachia mashine yake ya gemu ya zamani, ile ya waya za rangi tatu. Ndani yake kuna ligi ya mpira aliyoianza na marehemu baba, na ligi ile haina nakala. Aliniachia sharti moja tu: isifunguliwe.

Nikaifungulisha.

Monita yetu mpya, ambayo ndiyo TV yetu tangu miezi michache iliyopita, haina matundu ya waya zile, basi nikampelekea fundi wa pale Msamvu aiwekee mashine tundu la HDMI, linalokubaliana na monita. Nilitaka kumshangaza Idi akija Jumamosi.

Jumatatu nawasha, wachezaji wamevimba kama wameng'atwa na nyuki, na kila kitu kina ukungu. Uvimbe niliutibu: niliingia kwenye mipangilio ya monita, nikazuia picha isitanuliwe kioo kizima, miili ikarudi. Ukungu ukagoma. Nikabadilisha waya, wapi. Nikampigia fundi, akaapa kazi yake ni safi. Sikumwamini. Jumanne Idi akapiga kuulizia mashine, nikamjibu ipo salama. Nilidanganya bila hata kigugumizi.

Leo nimetoka shuleni ninakofundisha, nikaiwasha tena, nikasogea hadi pua iguse kioo. Ukucha ukanasa pembeni.

Nailoni!

Ile ile iliyokuja na monita kutoka dukani. Nyumbani kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni, kuanzia makochi mpaka rimoti. Hii mama anaifuta kwa kitambaa cha sabuni kila asubuhi, na imepauka kabisa. Mimi sikuwahi kuona tofauti, maana hapo huwa nasikiliza tu taarifa ya habari huku nasahihisha madaftari.

Nikamwomba mama ruhusa. Akasita, kisha akasema, "Haya, bandua, ila polepole." Nikabandua. Akatazama majani ya uwanja wa gemu, akatazama tena.

"Kumbe si macho yangu," akasema.

Miezi yote hiyo amefuatilia tamthilia zake ndani ya ukungu, akidhani uzee umemfika, na hakumwambia mtu. Nikacheka, halafu nikaona aibu. Mimi ndiye mwenye macho mazima humu ndani, na sikuona chochote. Nailoni ameikunja vizuri na kuiweka chini ya godoro. Sikuuliza ya nini.

Nikampigia Idi, nikamweleza yote, ya fundi na ya uongo wangu. Akauliza kama ligi ya baba ipo.

"Ipo, kaka. Timu ya baba bado inaongoza."

"Basi usiiguse. Jumamosi nakuja kumshusha mzee kileleni."

Nimecheka, na machozi yamenitoka. Jumamosi naiona mbali.