Theluji Isiyo na Nyayo

Mdogo wangu Tatsuro,

Hujambo huko Osaka? Huku Aomori theluji haikatiki. Figili nimeshazitia chumvi, na goti langu bado linalalamika.

Picha yangu imeshinda kwenye chama chetu cha wapiga picha! Unakumbuka mwalimu Hamaguchi alivyokuwa akinisimanga: “Bi Kiyoe, picha zako zimejaa vitu kama stoo. Punguza!” Safari hii nilimpelekea mti mmoja na weupe mtupu. Aliitazama mpaka chai yake ikapoa.

Mzee Sugawara, mwanachama mwenzetu, akadakia, “Hamna hata unyayo mmoja! Sisi tunadamka alfajiri, bado tunakuta watu wameshakanyaga. Mwenzetu uliamka saa ngapi?”

Nikacheka tu, nikasema ni siri yangu.

Wewe nitakuambia. Niliipiga mchana, nimesimama mlangoni kwetu, theluji ikiwa imelala siku kadhaa. Mti ule ni mtufaa wa baba, na weupe wote ule ndiyo njia ya kuingilia nyumbani. Tangu watu watawanyike baada ya msiba wa mama, haipiti mtu.

Mwaka mpya njoo, Tatsuro. Njoo uniharibie hiyo theluji.

Dada yako,
Kiyoe