Bunduki Yangu, na Kiapo cha Kaka Salim

Jumatatu, 2 Agosti 2021

Alfajiri, swala, chai ya rangi, barakoa mbili. Treni ya kutoka Merrylands hadi Toongabbie, behewa zima tuko watano. Kituoni polisi wakataka barua ya kazi, maana mji umefungwa. Nikawaonyesha. Nawaonyesha kila siku, na kila siku wanaisoma kana kwamba jana niliighushi.

Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nafua. Mashuka ya wazee, taulo za wazee, soksi ambazo hazina wenyewe. Leo ilikuwa zamu ya pua kuchokonolewa, kipimo cha ugonjwa. Kila siku ya tatu. Nimeshazoea, lakini machozi hayajazoea, yanatoka tu.

Wiki saba tangu Mama azikwe Tanga. Niliomba ruhusa ya kutoka nchi hii nikamzike. Jibu lilikuja siku nne baada ya maziko. Walikubali. Nilicheka peke yangu jikoni kwa hasira.

Maziko niliyaona kwenye simu. Aliyeishika alikuwa analia, kwa hiyo niliona zaidi viatu vya watu.

Kaka Salim ameandika. Jumapili Maalim anakuja kugawa mirathi. Warithi ni sisi wawili tu, yeye na mimi. Orodha ya vitu ataituma.

Jumatano, 4 Agosti

Orodha imekuja. Picha ya ukurasa wa daftari, mwandiko wa kaka, umeinama kama kawaida yake. Nyumba iligawanywa zamani, Baba alipofariki. Hivi ni vilivyobaki. Kitanda cha samadari. Kabati la vioo. Cherehani. Masufuria makubwa ya shughuli. Kanga, doti nyingi. Halafu mstari wa mwisho: bunduki ya upepo, kuukuu. Pembeni ameandika: Salim.

Ala!

Mbaazi zikaungua. Nikaziacha ziungue.

Mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Hilo silipingi, ni sheria ya Mungu, na cherehani peke yake inanitosha. Lakini kinachogawanywa ni mali ya Mama. Ile bunduki haikuwa ya Mama. Yeye aliitunza tu. Ni yangu. Baba alinipa mkononi, mchana kweupe, mwaka 1971. Nilipokuja huku niliiacha juu ya kabati lake, imefungwa kwenye kanga, pamoja na kopo la risasi zake.

Nimemwandikia kaka hivyo hivyo. Amejibu neno moja. "Tutaona."

Tutaona nini? Ng'o. Simwachii.

Ijumaa, 6 Agosti

Leo sina zamu. Siendi popote, hakuna pa kwenda. Helikopta ya polisi inazunguka juu ya paa kama tumeiba kitu. Basi naandika yote, kwa tarehe, yasije yakaja kugeuzwa.

Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge. Aliihudumia ile mashine kubwa ya kuchambulia majani, ambayo sisi tuliiita korona miaka hiyo yote bila kumtisha mtu. Meneja wa shamba alipokuwa anahama alimwachia Baba bunduki ya upepo. Baba akaileta nyumbani kwa baiskeli, imeviringishwa kwenye gunia.

Kunguru walikuwa wametushinda. Mama akitotolesha vifaranga kumi, wanabaki wawili. Kunguru walikuwa wanatua uani kama waliitwa kula. Mama alikuwa anawatupia viatu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kaka Salim kumi na mitatu. Baba akaweka kopo tupu la maziwa juu ya ukuta wa uani. Majirani wakaja kuangalia, maana kitu kama hicho mtaani kwetu hakijawahi kuonekana. Kaka akapewa kwanza, ndiye mkubwa na ndiye mwanamume. Akafumba macho yote mawili. Ilipolia akaiangusha chini. Watu wakacheka. Baba akaiokota, akafuta vumbi kwa shati lake, akanigeukia. "Haya, Hidaya."

Nilikuwa siiwezi vizuri, kitako kilikuwa kirefu kuliko mkono wangu. Nikakikandamiza kwapani. Risasi ya kwanza ikaenda kusikojulikana. Ya pili, kopo likaruka. Mlio ule! Ti! Nausikia hata sasa. Harufu ya mafuta ya mtutu. Kiganja kinawaka kwa kuuvunja ule mtutu, kuukunja chini mpaka ushike. Sijapata tena furaha ya namna hiyo, na nimeolewa, nimezaa, nimepewa pasi ya nchi hii nikapigiwa makofi.

Baba akasema: "Hii yako."

Maneno mawili. Mbele ya Mama, mbele ya majirani, mbele ya kaka Salim. Nani atanyanyuka leo aseme hayakusemwa?

Jumapili, 8 Agosti

Amenyanyuka kaka Salim.

Saa kumi na mbili jioni hapa, saa tano asubuhi Tanga. Maalim yuko sebuleni kwa Mama, simu imeegemezwa kwenye birika. Nimevaa baibui kamili kana kwamba niko pale. Vitu vikaenda vizuri mpaka mstari wa mwisho. Nikasema hiyo ni hiba, Baba alinipa akiwa hai, na nilikaa nayo miaka kumi na tatu. Maalim akasema hiba ina mashahidi. Nikawataja. Mama, marehemu. Bi Mwanaidi jirani, marehemu. Mzee wa duka la mafuta ya taa, marehemu. Nilikuwa naita makaburi.

Shahidi aliye hai ni mmoja, na ndiye anayeitaka. Maalim akamuuliza. Kaka akasema ilikuwa bunduki ya nyumba, kila mtu aliitumia.

Muongo! Hakuigusa tena hata siku moja.

Nikamwambia Maalim, mimi sina shahidi, basi yeye anayekana aape. Ndivyo sheria inavyosema, mdai alete ushahidi, anayekana ale kiapo. Maalim akamuuliza kaka kama yuko tayari. Kaka akasema yuko tayari.

Jumamosi. Msahafu mezani.

Sijutii.

Jumatatu, 9 Agosti

Rukia kapiga simu kutoka Campbelltown. Mwanangu wa pekee, nesi, sijamshika tangu Juni kwa sababu ya hizi kilomita zao tano, huruhusiwi kuzipita kutoka nyumbani. Nilimweleza nikidhani atakuwa upande wangu. Thubutu! Kiswahili chake kikikasirika kinahamia Kiingereza chote. "Mum, it's a toy. He's your brother." Halafu akasema hapa bunduki ya upepo ni silaha kama silaha nyingine, inataka leseni, nikijaribu kuileta watanikamata uwanja wa ndege. Eti nitamlisha mjomba wake kiapo kwa kitu nisichoweza hata kukipokea.

Nani kasema nataka kuileta? Nitaiweka wapi, juu ya friji? Nataka isemwe kuwa ni yangu. Nchi hii imenikataza kumzika mama yangu. Kaka naye anataka kunikataza utoto wangu. Hapana. Hilo moja hapana.

Rukia akauliza, je, akiapa? Nikamwambia atakuwa ameapa uongo na atajijua na Mola wake. Akakata simu.

Alhamisi, 12 Agosti

Sikulala vizuri. Kazini nimechanganya nguo nyeupe na soksi nyekundu. Kuna bibi wa chumba cha kona atavaa waridi wiki nzima. Alifurahi, lakini msimamizi hakufurahi.

Nilichokuwa nawaza wakati mashine inazunguka ni kunguru. Nilikuwa nikitoka shule nakaa mlango wa jikoni kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, bunduki mapajani, na Mama anaendelea na mapishi yake nyuma yangu. Kunguru wana akili. Nikiwa na ufagio walikuwa wanatua. Nikiwa na bunduki, hawaonekani. Mpaka nikaanza kuificha chini ya kanga. Mwaka ule vifaranga kumi wakabaki tisa. Mama alikuwa anawaambia wageni, huyu ndiye bwana nyama wetu, kama yule afisa wa wanyamapori mwenye bunduki. Mtaa mzima wakanibandika jina hilo, Bwana Nyama, na mimi msichana mwenye magoti kama vijiti. Nilikuwa napita barabarani nimeinua kidevu.

Mama hakuwa mtu wa kusifu. Sikumbuki alinisifia kitu kingine.

Kama kaka ataapa keshokutwa, bwana nyama hakuwahi kuwapo. Ndiyo shida yenyewe. Rukia haelewi, na sijui nimweleze vipi kwa lugha yoyote.

Jumamosi, 14 Agosti

Imekwisha.

Maalim alikuwa ameuweka Msahafu juu ya marufaa, mezani. Kaka Salim akaingia ndevu zinadondosha maji, ametoka kutia udhu. Amezeeka. Kwenye simu nilikuwa sijamtazama vizuri, kila mara namsikiliza ili nimkamate. Akakaa. Maalim akamwambia maneno ya kusema. Kaka akaweka mkono juu ya Msahafu.

Akakaa hivyo. Nilidhani mtandao umekwama.

Kisha akauondoa mkono. Akasema, "Siapi, Maalim. Baba alimpa. Alinipokonya mbele ya watu akampa yeye. Na yeye akacheka kuliko wote."

Akainuka, akatoka nje ya picha. Ikabaki birika na Maalim. Maalim akasema bunduki haimo kwenye mirathi, ni ya Bi Hidaya binti Hamisi, na tumwombee dua marehemu. Nikaitikia amina.

Nimeshinda. Nikapika pilau, nikala sahani mbili. Nimeshinda, nasema.

Ni kweli, nilicheka. Ijumaa ile niliandika watu walicheka. Nikajitoa. Nilicheka mpaka nikakaa chini, nikamwigiza macho yake yalivyofumba, nikaenda shule nikamwigiza na huko. Wakamtungia wimbo. Sitauandika. Yeye alikuwa anazunguka njia ya mbali kwenda madrasa ili asiusikie.

Baba hakumnyamazisha mtu. Baba tuliyempenda wote.

Jumapili, 22 Agosti

Wiki nzima kaka kimya. Kesho marufuku ya kutoka usiku inaanza huku kwetu, upande wa magharibi wa mji tu. Kule upande wa pwani wa mji huu huu wenzetu wanaota jua na mbwa wao, tumeona kwenye taarifa. Sisi tunahesabiwa pumzi. Jirani kaning'iniza shuka dirishani ameandika matusi kwa rangi. Nimelipenda.

Nimemwandikia kaka mara tatu, nimefuta mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kuomba radhi, ikaniudhi. Radhi ya nini? Ya kupewa? Ya kulenga vizuri? Kama kaka angelipata lile kopo, nani angeniuliza mimi kama nililia? Siombi radhi ya furaha yangu. Nilikuwa nayo hiyo moja.

Ya pili ilikuwa ya hasira. Ya tatu ilikuwa ndefu mno.

Mwishowe nikarekodi sauti, nimesimama uani karibu na kamba ya nguo ili nisipate nafasi ya kuirudia. Nikasema: "Kaka, bunduki ni yangu. Na mimi nilikucheka vibaya, nikakucheka muda mrefu. Yote mawili ni kweli." Nikaituma.

Ameisikiliza. Alama mbili za buluu.

Jumamosi, 28 Agosti

Kaka Salim alipiga leo alasiri. Kwao asubuhi bado, ndege wanasikika. Hakusema lolote juu ya ujumbe wangu. Akauliza hali ya Rukia. Akauliza kama kweli wanajeshi wanagonga milango kukagua kama watu wako ndani. Nikamwambia kwangu wamekuja mara moja, vijana wadogo, wana adabu.

Halafu akageuza simu. Bunduki ilikuwa imelala juu ya mkeka uani kwa Mama. Ameipaka mafuta ya cherehani. Juu ya ukuta ameweka kopo tupu la maziwa. Kutu kidogo tu kwenye skrubu. Kitako bado kina ule mkwaruzo nilioufanya kwenye kizingiti.

Akasema hajui mtutu unavunjwaje.

Mzee wa miaka sitini na mitatu. Nikamweleza. Shika karibu na mdomo, si katikati. Kitako kwenye paja. Vuta chini kwa uzito wa mwili, usiogope, hadi usikie umeshika. Alijaribu mara mbili haukushika. Ya tatu ukashika. Akachukua risasi moja kutoka kwenye lile kopo la risasi, akaitia. Nikamwambia sasa rudisha mtutu, polepole.

Akaniegemeza kwenye kigoda, vibaya, nikawa naona mgongo wake na sikio moja. Akauliza jicho gani. Nikamwambia la kushoto funga, la kulia liache wazi mpaka mwisho, hata ikilia.

Ikalia. Mabega yakaruka, lakini hakuiangusha.

"Nimepata?"

Sikuwa naona kopo. Nilikuwa naona sikio lake tu.

"Sijui, kaka. Tia nyingine."