Sanduku la Dawa

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imewakuta wazima, wewe, wifi na watoto, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Huku afya tunayo, na mikate inatoka. Ila roho yangu imechafuka, na hakuna mwingine wa kumwambia.

Unalikumbuka lile sanduku la chuma la Baba, la kijani, lenye mpini juu na kifuniko cha kubana. Tulikua tukiambiwa ni sanduku la dawa. Kwamba wakati wa vita Baba aliendesha gari la majeruhi, na siku mjomba alipopigwa risasi pale stendi, yeye ndiye aliyefika na dawa, akachelewa kidogo tu. Kwa ajili ya hadithi hiyo Mama alikubali kuolewa naye. Tangu Mama afariki mimi naliwekea unga, maana wadudu hawaingii.

Jumanne alikuja mteja wangu, mzee tunayemwita Koplo, aliyetunza ghala la silaha jeshini mpaka akastaafu. Aliniona nachota unga, akaniuliza taratibu kama najua nachota kwenye nini. Nikamjibu kwamba ni sanduku la dawa la Baba. Akacheka, halafu alipoona mimi sicheki, akalivuta sanduku kwake.

Aliumimina unga kwenye beseni, akaligeuza sanduku. Akanionyesha kifuniko kinavyochomoka chote kwenye bawaba, ili mkanda wa risasi utoke bila kukwama, na ule mpira wa pembeni, wa kuzuia unyevu usiharibu baruti. Akasema hili halijawahi kubeba hata bendeji. Kisha akakwangua rangi kwa ufunguo. Chini yake zikatokea herufi za njano: risasi za rashasha, idadi, mwaka. Na ubavuni, kwa brashi, namba ya kikosi. Kaka, ni kikosi kilekile kilichofyatua risasi stendi. Namba ambayo Mama hakuweza kuitaja bila kutema mate.

Nilitapika kwenye sinki la kuoshea vyombo. Nilimwaga unga wote, na kinyunga nilichokanda siku ile pia. Nimesugua mikono mpaka ngozi imechanika, na bado nikila naona kama nalamba chuma.

Nilimpelekea Baba sanduku chumbani kwake. Alikuwa anakata kucha. Alilitazama, akauliza, "Nani amekwangua rangi yangu?" Hilo ndilo lililomuuma. Akaniambia alilipaka mwenyewe, wiki moja kabla ya kwenda kumposa Mama. Kwamba yeye alikuwa dereva tu, na yaliyopakiwa nyuma hayamhusu dereva. Nikamuuliza kama asubuhi ile ya stendi alijua wanakwenda kumpiga nani. Akapuliza kucha zake, akasema, "Mama yenu alihitaji mtu wa kumshukuru. Nikawa mimi."

Miaka thelathini na minne Mama alimpigia pasi mashati yake. Alimwekea paja la kuku yeye kwanza. Nikikumbuka alivyokuwa akimwombea dua, mwili unanisisimka kwa kinyaa.

Sasa nikuungamie. Sikuweza kukaa naye. Siku tatu nilimsukumia sahani kwa mguu, mlangoni, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemjua, na ya nne nikajiona ninavyofanana na mtu mbaya. Nikamkatia tiketi. Nilimwambia umemkumbuka na unataka akae kwako. Nilidanganya, unisamehe.

Aliyekukabidhi bahasha hii ni yeye, na nadhani bado amesimama mbele yako akisubiri umkaribishe. Anafikiri ni salamu tu. Amesafiri tangu asubuhi, na hapendi kula njiani. Vidonge vyake vya presha viko mfuko wa mbele wa koti. Ukimpa kiti au usimpe, sitakulaumu. Mimi nimeshindwa.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi anawapenda.

Ni mimi mdogo wako,
Wa Mikate