Maami Kothai Alivyoacha Maziwa

Ghati ya Hanuman,
Kashi.
21 Januari 1994

Mpendwa mdogo wangu Vedavalli,

Salamu tele zikufikie huko Lautoka, ng'ambo ya bahari zote. U hali gani? Shemeji Deo Narayan hajambo? Goti lake limepona, au bado anapanda ngazi huku akilaani? Na Anjini na Pranil, wameshaisahau sura ya mama yao mkubwa? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu, ukungu unatufuata mpaka ndani ya blanketi. Mume wangu anakohoa na dawa hataki. Anasema kikohozi ni chake, mimi nishughulike na yangu.

Sari ya kijani uliyoniletea ilifika salama. Nimeivaa mara moja tu, na siku niliyoivaa ndiyo inayonifanya nikuandikie. Keti kwanza. Kama uko jikoni, epua sufuria.

Maami Kothai alikuja Kashi.

Ndiye huyohuyo, mke wa marehemu mjomba wetu, aliyetulea kwa masimango baada ya Baba kufa. Alikuja na kundi la wanawake wacha Mungu kutoka Kumbakonam, kuoga mto Ganga kabla siku zao hazijaisha. Wenzake walishukia nyumba ya wasafiri, yeye akaja kwangu. Amenenepa, nywele zote zimekuwa nyeupe, lakini mdomo ni uleule. Hata hajaweka mzigo chini akaniambia, "Alamelu, mbona umekauka hivyo? Huyu mumeo hakulishi?" Nikamjibu kwamba njaa niliizoea utotoni. Akajitia hamnazo.

Watu husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwangu mimi ni ndwele mpaka leo, na sioni haya kusema. Wewe ulikuwa mdogo, lakini najua unakumbuka. Mama amelala chumba cha uani, hali chochote, anataka maziwa tu. Tulikutuma wewe na kile kikombe cha shaba, tukidhani mwanamke yule hatamnyima mtoto mdogo kuliko wote. Ulimkuta anajitengenezea kahawa yake, nyeupe kwa maziwa, povu limesimama. Akakwambia maziwa ni ya watu wanaoamka wakafanya kazi. Kisha akaisuuza ile sufuria tupu ya maziwa, akakumiminia masuuzo. Mama aliyanywa, akasema ni matamu, ili wewe usilie. Wiki iliyofuata hakuiona.

Sasa huyu mtu anakuja kwangu, na jambo la kwanza analoniuliza si hekalu. Ni chakula cha vichochoroni. "Nasikia Kashi watu wanakula mpaka miungu inaona wivu," akasema. "Nitembeze. Dhambi zangu zimengoja miaka yote hii, zitangoja na asubuhi moja."

Nikamtembeza. Tulianza na kachori za moto na mchuzi wa viazi, akala amesimama kama wapiga makasia, mchuzi ukimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Tukala nyanya zilizopondwa kwa samli na tangawizi kwenye bakuli la majani, akasema ni nzuri ila Kumbakonam wangezitia pilipili. Kote huko alikuwa na neno la kukosoa. Lakini tulipofika kwa Lallan, muuza maziwa wa kichochoro chetu, akanyamaza.

Ni majira ya malaiyo, Vedavalli. Yale maziwa yanayolazwa nje yanywe umande, yakapigwa alfajiri mpaka yakawa povu la zafarani. Unalitia kinywani na limeshaondoka. Maami alikwangua kikombe chake cha udongo kwa kidole, akaomba kingine, akafumba macho. Baada ya hapo tukala malai, ule utando mzito wa maziwa, kwa sukari, tukanywa na mtindi uliopigwa. Sikupata kumwona akiwa na furaha namna ile. Nilimtazama, nikahisi moyo wangu ukiwa mgumu kama kokwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuoga na kuweka nadhiri. Si unaijua desturi yetu? Mwenda Kashi huacha kitu kimoja anachopenda kula, na hakigusi tena mpaka kufa. Na unawajua watu wetu. Kila mmoja anaacha karela, lile dude chungu lisilopendwa na mtu. Limeachwa na watu wengi hivi kwamba nashangaa bado kuna mkulima anayelipanda. Maami naye alishaniambia usiku, kwa kicheko, kwamba ataacha karela, na hajawahi kulitia kinywani tangu azaliwe.

Kuhani anayejua Kitamil alikuwa na homa. Wakatupatia mwingine, mwenyeji wa hapa, ana haraka, hajui ila Kihindi chake. Nilisimama kando ya Maami ili nimtafsirie, sote majini mpaka kiunoni, meno yakigongana. Kundi la Kumbakonam limepanga mstari nyuma yetu. Kuhani akamtilia Maami maji kiganjani, akasema, "Phal, mama. Upesi, watu wanaganda."

Wewe unajikalia hapo unacheka tayari, kwa kuwa Kihindi ndiyo lugha ya nyumbani mwako. Kwao phal ni tunda. Alikuwa anauliza ni tunda gani ataliacha. Lakini kwetu paal ni maziwa, na sikio la Maami halijui lugha nyingine. Alinigeukia ametoa macho.

"Anasema nini huyu? Paal?"

"Ndilo neno lake, Maami," nikamwambia. "Phal."

"Maziwa? Maziwa yote?"

"Mimi si kuhani. Ukitaka nimwambie hutaki, nitamwambia. Ila wenzako wanasikia."

Nyuma yetu Bi Amirtham, aliyekuwa amekwisha kujichagulia karela lake, akadakia, "Kothai, si wewe uliyetuhubiria njia nzima kwenye treni kwamba sisi tunamdanganya Mungu? Haya, Mungu kakuchagulia mwenyewe."

Maji yalikuwa yakimvuja Maami kati ya vidole. Ningeweza kusema neno moja pale. Nilikuwa nalo ulimini. Nikakumbuka masuuzo, nikalimeza. Akasema kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, "Paal." Kuhani, aliyesikia phal, akashtuka, akadhani bibi huyu ameacha matunda yote ya ulimwengu, akamwinamia kwa heshima na mikono yote miwili. Maami akazama mara tatu, akatoka akiwa mtawa.

Wenzake ndio waliommaliza. Njia nzima ya kurudi walibishana kama mtindi ni maziwa. Bi Amirtham akakata shauri kwamba mtindi ni mtoto wa maziwa na samli ni mjukuu, na aliyemwacha mzazi ameacha ukoo mzima. Fikiria, Mtamil asiyekula wali wa mtindi. Chakula cha mchana alikula wali na dengu, akitafuna taratibu kama msibani.

Siku zote zilizobaki nilimpitisha kichochoro cha Lallan. Kila tulipotoka, mimi nina njia ya mkato. Lallan, ambaye hajui lolote, alimwita, "Bibi, leo umeninunia? Juzi ulikwangua kikombe nikadhani unataka kula na udongo wenyewe." Mimi namtafsiria Maami neno kwa neno. Naye anaitazama sufuria ile pana, utando mzito umekunjamana juu, anameza mate, anapita. Asubuhi ananywa kahawa nyeusi jikoni kwangu na uso wa mtu aliyelamba jivu. Mume wangu akaniambia nimwonee huruma. Nikamwambia ashughulike na kikohozi chake.

Siku ya kuondoka nikavaa sari yako ya kijani, nikamsindikiza stesheni. Alipokwisha kukaa dirishani, nikanunua maziwa ya moto kwenye kikombe cha udongo, nikasimama mbele yake, nikayanywa polepole mpaka mwisho, povu likabaki mdomoni. Sikulipangusa. Nikakivunja kikombe chini ya miguu yangu. Alinitazama muda wote, na nadhani ndipo alipokumbuka jambo, maana alitazama chini.

Mara akapita kijana na kapu kichwani, anapita dirisha kwa dirisha akipaza sauti, "Phal, phal, phal tamu." Maami akainua kichwa. Akalitazama kapu.

"Alamelu, yule anauza nini?"

"Mapera, Maami."

"Anayaitaje?"

Treni ikaanza kuondoka. Nikatabasamu, nikapunga mkono. Yeye akatoa kichwa nje ya dirisha, akaniambia kwa sauti niliyoisikia mpaka mwisho wa behewa, "Nitamuuliza Vedavalli. Yule anaijua lugha yao, na hajapata kunidanganya."

Kwa hiyo simu itakuja, mdogo wangu. Mwanawe ana simu nyumbani. Ukimwambia ni tunda, atachemsha kahawa yake nyeupe saa hiyohiyo, na mimi sitakununia, ingawa nitasema uongo nikisema sitaumia. Ukimwambia ni maziwa, atakufa na kahawa nyeusi. Mimi changu nimekinywa pale stesheni, na kilikuwa kitamu kuliko malaiyo. Lakini si mimi niliyetumwa na kikombe siku ile. Ni wewe, umekishika kwa mikono miwili usije ukamwaga, na ndani mna masuuzo. Jibu ni lako.

Nisalimie Shemeji na goti lake. Mbusu Anjini, mfinye Pranil shavu kwa niaba yangu. Mama mkwe wako mwambie achari yake ya maembe bado tunailamba. Vishwanatha, bwana wa mji huu, awafunike kwa rehema zake, na nyumbani mwako maziwa yafurike jikoni kila asubuhi.

Ni mimi dada yako nikupendaye, toka tumbo moja,
Alamelu

Tena: kile kikombe cha shaba cha Mama nimekifungia ndani ya kifurushi hiki pamoja na malimau ya chumvi. Kiweke karibu na simu.